Nani Alimlipa Tabibu wa Yerusalemu? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeelekea Yerusalemu, na kila moja kwa namna yake inauliza jambo lilelile: mji wa mlimani usio na mto wala bandari ulipata wapi hospitali na vyuo vyote hivi? Jibu fupi ni fedha za watu wa mbali. Jibu refu linafuata.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimesoma kwamba hospitali ya kwanza Yerusalemu ilijengwa na Wapiganaji wa Msalaba. Je, kabla yao wagonjwa walitibiwa wapi? (Mwalimu wa madrasa, Tanga)

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Huo "ukwanza" Wapiganaji wa Msalaba, yaani majeshi ya Kikristo kutoka Ulaya, hawakuwa nao. Mwaka 531 mtawa Sabas alikwenda Konstantinopoli kumwomba Kaisari Justinian hospitali kwa ajili ya mahujaji wanaougua njiani. Alipewa vitanda 100, na pamoja navyo pato la sarafu za dhahabu 1,850 kwa mwaka, lisilokatwa kodi. Baadaye vitanda vikaongezwa hadi 200. Tazama vizuri agizo hilo: jengo na pato vilikwenda pamoja. Aliyelitoa alijua kwamba kujenga nyumba si kazi, kazi ni kuilisha.

Miaka mia tano baadaye, mwaka 1047, mji ukiwa chini ya Wafatimi, watawala Waislamu wa Misri, alipita msafiri Mwajemi Nasir Khusraw. Aliandika kwamba Yerusalemu ina hospitali yenye wakfu mkubwa, wagonjwa wanapewa dawa za kunywa, na matabibu wanalipwa mshahara kutokana na wakfu huo. Hiyo ni nusu karne kabla Wapiganaji wa Msalaba hawajauteka mji, mwaka 1099.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa wakfu ni nini, ila wakfu wa hospitali una mambo yake. Mwenye mali anaandika hati, anataja duka, shamba, hamamu au kinu, anataja msimamizi, kisha anataja matumizi kwa mpangilio. Kisheria matengenezo ya mali yenyewe hutangulia. Paa la duka likianguka, kodi ya mwaka huo inakwenda kwenye chokaa na boriti kwanza, na tabibu anasubiri. Ndiyo maana wakfu nyingi zilidhoofika bila mtu kuiba hata senti: tetemeko moja la ardhi, na Yerusalemu haikosi matetemeko, lilimeza mapato ya miaka. Ugonjwa wa pili ulikuwa mikataba mirefu. Msimamizi mwenye shida ya fedha taslimu alipangisha duka kwa miaka mingi kwa kodi isiyobadilika. Bei za sokoni zikapanda, kodi ikabaki palepale, na jina la hospitali likaendelea kusomeka kwenye hati wakati ndani hamna mgonjwa.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Nasikia hospitali ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohane ilikuwa na wagonjwa 2,000. Inawezekana kweli? Waliwahudumiaje? (Moshi)

Dada, umegusa penye utamu. Idadi ya 2,000 inatoka kwa hujaji Mjerumani, John wa Würzburg, aliyepita katika miaka ya 1160. Hujaji mwingine, Theodoric, alihesabu vitanda zaidi ya 1,000. Mahujaji wana tabia ya kuona vingi. Hesabu ya kuaminika zaidi ni ya mkuu wa Mashujaa hao mwenyewe, shirika la watawa wapiganaji, Roger de Moulins, katika barua yake baada ya vita vya Montgisard vya Novemba 1177: wagonjwa 900 walikuwa tayari ndani, wakaletwa majeruhi 750. Jumla 1,650. Kwa hiyo 2,000 si uongo mtupu, ila haikuwa hali ya kila siku.

Shirika hili lilianzia kwenye nyumba ya wageni iliyofunguliwa na wafanyabiashara wa Amalfi, Italia, katikati ya karne ya 11, jirani na Kanisa la Kaburi Takatifu. Mwaka 1113 Papa Paschal II alilitambua rasmi, likiongozwa na Gerard. Upanga ulikuja baadaye, kitanda kilitangulia.

Kuhusu huduma, tuna kanuni zao za mwaka 1182, na muuguzi yeyote akizisoma atacheka kwa kujitambua. Matabibu wawe wanne, wenye kujua kusoma mkojo na kutengeneza dawa. Kitanda kiwe kirefu na kipana kiasi cha kumpumzisha mtu, chenye mfarishi wake na shuka zake. Kila mgonjwa awe na vazi la ngozi ya kondoo, viatu, na kofia ya sufu kwa ajili ya kwenda msalani. Yerusalemu iko karibu mita 800 juu ya bahari na baridi yake ya Januari si mchezo. Mtu mwenye homa akitembea peku juu ya mawe usiku, asubuhi una kesi mpya. Watoto wa mahujaji waliojifungua humo walitengenezewa vitanda vidogo vya peke yao, na sababu imeandikwa waziwazi: mama akigeukageuka usingizini asimuumize mtoto.

Chakula: siku tatu kwa wiki nyama freshi, ya nguruwe au ya kondoo, na asiyeiweza apewe kuku. Wagonjwa Waislamu na Wayahudi nao walipokewa, jambo linalowashangaza wengi wakikumbuka vita vilivyokuwa vikiendelea nje.

Sasa ugavi, maana hapo ndipo hospitali nyingi huanguka. Kila tawi la shirika lilipangiwa mchango wake wa mwaka, wa kitu na si wa ahadi. Antiokia ilileta dhiraa 2,000 za kitambaa cha pamba kwa ajili ya mifarishi. Konstantinopoli ilileta mablanketi mazito 200 ya sufu. Mont Pèlerin, karibu na Tripoli ya Lebanoni, ilileta kintari mbili (kipimo cha uzito) za sukari, na Tiberia kiasi hichohicho, kwa ajili ya sharubati na dawa za wagonjwa. Sukari wakati ule ilikuwa bidhaa ya mtaalamu wa dawa, si ya chai. Miwa ilistawi katika bonde la Yordani na uwanda wa pwani, kwa hiyo Yerusalemu ilikuwa na dawa ambayo Paris iliingoja kwa meli. Ubaya wa mpango huu ni mmoja: njia ikikatwa, stoo inakauka. Ndivyo ilivyotokea baada ya vita vya Hattin, Julai 1187, ambako Sultani Salahuddin alilishinda jeshi la Wapiganaji wa Msalaba. Mji ulipojisalimisha Oktoba, Salahuddin aliwaruhusu ndugu kumi wa shirika wabaki mwaka mmoja kuwaangalia wagonjwa waliokuwa hawawezi kusafirishwa.

SWALI: Kwa hiyo Salahuddin aliifunga hospitali? Na je, madrasa yake tunaweza kuiita chuo kikuu? (Mwanafunzi, Unguja)

Hakuifunga, aliianzisha upya. Alianzisha bimaristani katika eneo hilohilo akaiwekea wakfu. Neno ni la Kiajemi: *bimar* ni mgonjwa, *-stan* ni mahali. Waarabu wakalifupisha kuwa maristani, na mtaa huo hadi leo unaitwa Muristan ingawa hauna hata kitanda kimoja, una maduka ya viatu vya ngozi na vinyago. Miongoni mwa matabibu waliofanya kazi katika bimaristani ya Yerusalemu alikuwamo Mkristo, Yaaqub bin Saqlab. Wakfu ulilipa ujuzi, haukuuliza dini.

Madrasa unayoisema ni Salahiyya. Mwaka 588 Hijria, yaani 1192, Salahuddin alilifanya kanisa la Mtakatifu Anna kuwa madrasa ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo fiqhi ya Unguja, Lamu na Mombasa. Kuiita chuo kikuu ni kulazimisha. Chuo kikuu cha Bologna au Paris kilikuwa chama: walimu au wanafunzi walijikusanya, wakawa mwili mmoja kisheria, na mwili huo ndio uliotoa shahada. Madrasa haikuwa mwili wa namna hiyo, ilikuwa wakfu wenye mwalimu anayelipwa, wanafunzi wanaopewa posho, na vyumba. Ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, ilitolewa na sheikh, si na jengo. Ukiuliza "ulisoma wapi?" umekosea swali, lililokuwa na maana ni "ulisoma kwa nani?" Faida yake ni kwamba elimu ilihama na mtu. Hasara yake ni kwamba mwalimu akifa bila mrithi na posho ikipungua, jengo linabaki kumbi tupu. Wakati wa Wamamluki, watawala wa Misri wa baadaye, Yerusalemu ilijaa madrasa kuzunguka Msikiti wa Al-Aqsa, kama Tankiziyya ya mwaka 1328 hivi na Ashrafiyya ya Sultan Qaytbay iliyokamilika 1482, na nyingi zikaja kugeuka makazi ya familia.

Jengo la Salahiyya lenyewe lina mkasa. Mwaka 1856, baada ya vita vya Krimea, Sultani wa Uthmaniya, dola ya Kituruki iliyotawala mji wakati huo, alilitoa kwa Ufaransa. Mwaka 1878 likakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, wale mapadri weupe ambao mwaka uleule msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Bado wako hapo. Na maandishi ya Kiarabu ya Salahuddin bado yako juu ya mlango wa kanisa.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Ni kweli Wamoravian walikuwa na hospitali ya ukoma Yerusalemu? Na kwa nini karne ya 19 kila taifa lilijenga hospitali yake pale? (Mbeya)

Asifiwe. Ni kweli. Wenye ukoma walikuwa wakiishi vibandani kando ya Lango la Sayuni, wakiomba. Mwaka 1867 familia moja ya kibaroni kutoka Ujerumani iligharimia makao yao ya kwanza, yakaendeshwa na Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, kanisa lilelile lililofika Rungwe mwaka 1891. Jengo kubwa zaidi, lililochorwa na Conrad Schick, lilifunguliwa 1887: ua katikati, mabirika ya maji ya mvua, bustani ya mboga, ng'ombe na ukuta mrefu. Lilitakiwa lijitegemee kwa chakula kwa sababu sokoni hakuna aliyetaka kumuuzia mtu wa makao hayo. Leo ni kituo cha sanaa.

Kwa nini kila taifa? Kwa sababu hospitali ilikuwa bendera inayokubalika. Serikali ya Uthmaniya isingeruhusu ngome, lakini zahanati haikataliki. Kisa kilichoanzisha mbio kinaeleweka vizuri zaidi kikitazamwa kwa karibu. Desemba 1844 shirika la Kiingereza la kuwahubiria Wayahudi Ukristo lilifungua hospitali ya bure. Lilikuwa na akili: chakula cha kosher (kinachofuata sheria za Kiyahudi), wahudumu Wayahudi, dawa nzuri. Marabi waliona mtego wakapiga marufuku, na Myahudi alipofia humo wakakataa kumzika. Marufuku peke yake haiponyi homa, kwa hiyo watu waliendelea kwenda. Kilichofanya kazi ni kushindana: mwaka 1854 familia ya Rothschild ilifungua hospitali ya Kiyahudi yenye vitanda 18 ndani ya mji wa kale, na nyingine zikafuata. Wajerumani wa Kilutheri, Wafaransa Wakatoliki, Waitalia, na shirika la Mtakatifu Yohane la Uingereza lenye hospitali ya macho tangu 1882, wakati trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, ikipofusha watoto kwa wingi, nao wakaja. Mwaka 1902 Dk. Moshe Wallach alifungua Shaare Zedek kwenye Barabara ya Jaffa, mbali kidogo na msongamano, ikiwa na wodi ya magonjwa ya kuambukiza na zizi la ng'ombe, maana maziwa ya sokoni hayakuaminika.

Ukitaka somo la ujenzi, tazama jengo jipya la Waingereza la mwaka 1897 kwenye Barabara ya Manabii: wodi zimepangwa nusu duara, kila moja jengo lake, upepo unapita pande zote. Leo ni shule.

SWALI: Mji wa mlimani wenye baridi ulipataje malaria? Nimeona imetajwa kwenye taarifa za hospitali za zamani. (Kisumu)

Malaria ilikuwa chini ya sakafu za nyumba. Kwa kuwa mto haukuwepo, kila nyumba ilichimba birika kwenye mwamba na kukinga maji ya mvua ya majira ya baridi yatumike kiangazi chote. Mbu wa malaria, anofelesi aina ya *claviger*, hupenda hasa maji ya namna hiyo, ya baridi na yenye giza. Mdomo wa birika ulikuwa wazi kwa ajili ya ndoo, na mbu akaingia na kutoka kama mpangaji.

Chini ya utawala wa Waingereza baada ya 1917, dawa ilikuwa hii. Kwanza mdomo wa birika uzibwe kabisa. Pili uwekwe pampu ya mkono yenye bomba linaloshuka hadi chini. Asiyeweza pampu, mkaguzi alipita kumwaga mafuta ya taa juu ya maji, tena kila wiki, kwa sababu kiluwiluwi huhitaji zaidi ya siku saba kuwa mbu katika maji baridi: ukikosa wiki moja, kazi ya mwezi imepotea. Tatizo la mafuta ni ndoo. Kila inapozama hupasua utando na kupanda na harufu, mama wa nyumba anakasirika, anamficha mkaguzi birika la pili lililo nyuma ya nyumba. Pampu huvuta maji ya chini na utando haugusiki, kwa hiyo pampu ilishinda. Mwaka 1936 maji ya bomba yalipofika kutoka chemchemi za Ras el-Ein, huko uwandani, mabirika yakaanza kusahaulika.

SWALI: Chuo kikuu cha kwanza cha kisasa kilianza lini, na kwa nini kina kampasi mbili pande mbili za mji? (Nairobi)

Mawe 12 ya msingi wa Chuo Kikuu cha Kiebrania yaliwekwa juu ya Mlima Scopus tarehe 24 Julai 1918, vita vikiwa bado vinaendelea kaskazini ya mji. Mwaka 1923 Einstein alitoa muhadhara hapo: sentensi ya kwanza kwa Kiebrania, iliyobaki kwa Kifaransa. Ufunguzi ulikuwa 1 Aprili 1925, Lord Balfour, mwanasiasa wa Uingereza, akiwapo. Lakini kilifunguliwa kama taasisi za utafiti, si chuo cha kufundisha. Waanzilishi walivutana: kundi moja lilitaka maabara, jingine lilitaka vijana darasani. Shahada za kwanza zilitolewa 1931, tena za uzamili, kwa wahitimu 13 tu. Uzamivu ulianza 1936. Hospitali ya Hadassah ilifunguliwa jirani mwaka 1939.

Mlima ule una kasoro moja: barabara ya kuufikia ilikuwa moja, ikipita mtaa wa Waarabu wa Sheikh Jarrah. Aprili 1948, Wayahudi na Waarabu wakiwa vitani, siku nne baada ya wanakijiji Wapalestina zaidi ya 100 kuuawa na wanamgambo wa Kiyahudi kijijini Deir Yassin, msafara wa magari ya hospitali ulinaswa na wapiganaji Waarabu katika barabara hiyo, na watu 78 wakafa: madaktari, wauguzi, wahadhiri, wagonjwa, walinzi. Mkurugenzi wa hospitali, Chaim Yassky, alikuwamo. Baada ya hapo mlima ulifungwa. Kwa makubaliano ya 7 Julai 1948 walibaki polisi 85 na raia 33, wakibadilishwa kwa msafara wa kila wiki mbili chini ya Umoja wa Mataifa. Chuo kilihamia vyumba vya kupanga magharibi ya mji, na hapo uhamishoni ndipo kilipoanzisha kitivo chake cha tiba, 1949. Kampasi ya Givat Ram ikajengwa miaka ya 1950, na hospitali ya Ein Kerem ikafunguliwa 1961. Mlimani walirudi baada ya vita vya 1967, na hospitali ya huko ikafunguliwa tena 1975. Ndiyo sababu ya kampasi mbili.

Upande wa Wapalestina, Chuo Kikuu cha Al-Quds kilizaliwa 1984 kwa kuunganisha vyuo vilivyokuwapo, kampasi kuu ikiwa Abu Dis. Kitivo cha tiba kilianza 1994, na wanafunzi wake hufanyia mazoezi hospitali ya Makassed, Mlima wa Mizeituni. Ukuta uliojengwa na Israeli miaka ya 2000 uliitenga Abu Dis na mji, hivyo safari ya kutoka darasani hadi wodini sasa inahitaji kibali na kizuizi cha ukaguzi.

SWALI: Sisi Walutheri tunasikia tuna hospitali Yerusalemu. Ipi? (Bukoba)

Augusta Victoria, Mlima wa Mizeituni. Ilizinduliwa 1910 kama nyumba ya wageni, ikaitwa jina la mke wa Kaisari Wilhelm II, yaani malkia wa serikali iliyotawala Bukoba wakati huo. Mwaka 1950 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianza kuiendesha kama hospitali ya wakimbizi wa Kipalestina. Askofu wenu Josiah Kibira alikuwa Rais wa Shirikisho hilo kuanzia 1977 hadi 1984. Leo inajulikana kwa saratani na usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo. Ugumu wake mkubwa ni kibali: mgonjwa wa Ukingo wa Magharibi lazima aruhusiwe kuingia Yerusalemu, na tiba ya mionzi hupangwa siku mfululizo. Kibali kikichelewa, ratiba nzima inavunjika.

SWALI: Kwaya yetu inahiji mwakani, tuna asubuhi moja tu huru. Tuone nini katika haya? (Dar es Salaam)

Anzeni Lango la Jaffa saa mbili asubuhi. Shukeni mtaa wa David, na kabla ya masoko yenye paa pindeni kushoto: mko Muristan, juu ya wodi za karne ya 12. Sehemu ya mashariki Sultani alimpa mrithi wa ufalme wa Prussia, dola ya Kijerumani, mwaka 1869, na mnara mnaouona ni wa Kanisa la Mkombozi, lililowekwa wakfu na Kaisari Wilhelm mwaka 1898. Ngazi zake zinapita 170, mwenye magoti mabovu abaki chini. Kisha elekeeni Lango la Simba, kwa Mtakatifu Anna. Fikeni kabla ya saa sita, maana hufungwa mchana. Kabla ya kuingia inueni macho juu ya mlango msome Kiarabu cha Salahuddin. Ndani mtaruhusiwa kuimba nyimbo za dini, ila chagueni wimbo wa polepole: kuta za mawe matupu hushika sauti sekunde kadhaa, na wimbo wa haraka, hasa wenye bezi nzito kama tunavyopenda sisi, utarudi wote kwa pamoja na maneno hayatasikika.